Dakika Arobaini na Mbili Angani

Aligeuka. Alikuwa mama yake mzazi.

Barua zenu za wiki hii zilimpa mwanamke wa kofia pana majina mengi, na mengine hayawezi kuchapishwa gazetini. Naomba myafute yote. Mwanamke ambaye Rubani humtembelea kwa siri ni mama mkwe wake.

Kwa msomaji aliyekosa sehemu iliyopita: tulimwacha Fundi juu ya ngazi ya ndege, amevaa miwani nyeusi ya mumewe, kitambaa kimevutwa hadi kwenye nyusi, akimtazama mumewe anavyokata uwanja moja kwa moja kumwendea mwanamke aliyesimama kando ya uzio. Rubani alimpokea kikapu. Akamshika mkono. Wakacheka. Kiapo cha Fundi mnakikumbuka: akimkuta na mwanamke, anachukua mapacha, anachukua cherehani, anahama.

Msomaji mmoja, ambaye anasema ni mhasibu, ameuliza inawezekanaje mke wa rubani asijue safari ya mumewe ina urefu gani. Swali ni halali. Kutoka uwanja wa nyumbani hadi uwanja huu wa milimani ni kilomita mia moja na themanini kwa mstari ulionyooka. Kwa gari, kuzunguka safu nzima ya milima, ni safari ya kutwa. Kwa ndege ile ya abiria kumi na wawili ni dakika arobaini na mbili. Rubani alimwambia mkewe ni muda wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa miaka minne.

Fundi anaogopa ndege. Anayeogopa kitu haulizi vipimo vyake. Aliposikia saa mbili aliona ni nafuu, akamshukuru Mungu. Ni mteja aliyeleta sketi ipunguzwe ndiye aliyesema, katikati ya maongezi, kwamba alisinzia kidogo tu na alipofumbua macho walikuwa wamefika.

Basi Jumatano hii Fundi alikata tiketi kwa jina la shangazi yake, akapanda. Mumewe hakumwona, kwa sababu marubani hukaa mbele na kutazama mbele, jambo ambalo sote tunalishukuru.

Sasa tuendelee.

“Wewe?” Fundi alisema, akiwa ameshashuka ngazi na kuwafikia pale uzioni.

“Mimi,” mama yake alijibu. “Na hiyo miwani si yako. Imekupwaya.”

Hayo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka sita.

Mama huyu anaitwa Bi Futi na mji mzima, kwa sababu ya futi ya kupimia ambayo haitoki shingoni mwake. Anapika nayo, analala nayo, na watu wanasema daktari alipotaka kumsikiliza moyo ilibidi kwanza aihamishe.

Rubani aliachia kikapu. Zikamwagika chupa ya chai, karata, na mashati mawili madogo yaliyokunjwa vizuri.

“Mama Pacha,” alisema. “Umefikaje hapa?”

“Kwa ndege yako. Kiti cha sita. Umetusalimia kwenye spika ukatutakia safari njema, nami nikaitikia.”

“Ulipanda ndege? Wewe?”

“Nilifumba macho. Nilijipanga kufumba macho muda wa saa mbili, Baba Pacha. Nikasikia magurudumu yanagonga chini, nikajua tumeanguka. Nikaanza kusali kwa sauti. Jirani yangu akaniambia, dada, tumefika.”

Jirani mwenyewe, mfanyabiashara wa vifaranga, alikuwa nyuma yake na boksi lililojaa kelele. Alitikisa kichwa kuthibitisha.

“Sasa,” Fundi alisema, “hizo saa zangu nyingine ziko wapi?”

Rubani alitazama mbingu, mahali anapozoea kupata majibu.

“Ziko kwangu,” Bi Futi alisema. “Zimekaa sebuleni kwangu. Kila Jumatatu na Jumatano anakuja, anakunywa chai, namshinda karata, anarudi kazini. Ulidhani nini?”

“Nilidhani ni mwanamke!”

“Kwani mimi ni nini?”

Mfanyabiashara wa vifaranga aliona ni heri aweke boksi chini. Safari yake ilikuwa na haraka, lakini si haraka hiyo.

Ugomvi wa miaka sita ulikuwa juu ya gauni la harusi. Mama na binti wote ni mafundi cherehani. Bi Futi alimshonea bintiye gauni la mikono mirefu, akampelekea siku tatu kabla ya harusi. Fundi akalilaza juu ya meza, akalinganisha mkono wa gauni na mkono wa gauni. Mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake. Akaona mama amezeeka, macho hayaoni. Hakusema neno. Alifumua mikono yote miwili, akaishona upya kwa jicho lake mwenyewe.

Siku ya harusi Bi Futi aliingia ukumbini, akatazama mabega ya bintiye kutoka mlangoni, akaona mshono si wake. Aligeuka pale pale, akaondoka kabla ya picha.

Binti alisema: aniombe radhi kwa kunidhalilisha mbele ya wageni. Mama alisema: aniombe radhi kwa kunifumua. Wakakaa hivyo, kila mmoja akisubiri, na katikati yao mapacha wakazaliwa, wakatambaa, wakaota meno, wakaanza shule. Bibi yao hajawahi kuwaona ila kwenye simu ya Rubani.

“Haya mashati ni ya nani?” Fundi aliuliza. Alikuwa ameyaokota, na vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kukagua pindo bila kumwuliza ruhusa.

“Ya mapacha,” Rubani alisema.

“Ulisema unanunua duka la uwanja wa ndege.”

“Hapa hakuna duka,” alisema mfanyabiashara wa vifaranga. “Kuna kibanda cha soda.”

“Na yale ya bluu? Na zile suruali za mfuko wa mbele?”

“Zote,” Rubani alisema kwa sauti ndogo.

Bi Futi alinyoosha shingo. “Alisemaje alipoziona?”

“Baba Pacha, nyamaza.”

“Alisema,” Rubani akajibu, kwa maana alishaona kwamba kunyamaza hakujamsaidia kwa miaka minne, “kwamba huyo anayeshona hizi nguo za dukani ana mkono wa dhahabu, na kwamba akimpata atamwajiri.”

Bi Futi hakucheka. Alirekebisha futi yake shingoni, upande wa kushoto, kisha wa kulia, kama waziri anayerekebisha tai.

“Mshahara wenyewe kiasi gani?” aliuliza.

Masikio yalimwaka Fundi kwa aibu. “Afadhali ungekuwa na mwanamke!” alimwambia mumewe. “Mwanamke ningejua la kufanya. Hili lina jina gani? Mume anayetoroka kwenda kwa mama mkwe? Nikimsimulia mtu atanipeleka hospitali. Kiapo changu kiko pale pale. Narudi na ndege hii hii, nafungasha.”

Wakati huo akaja Mpima Mizigo, mfanyakazi pekee wa uwanja ule, anayepima mizigo, kupima abiria, kufukuza mbuzi kwenye njia ya kurukia, na kuuza soda.

“Kapteni, mnara wa kuongoza ndege kule kwenu unasema kwenye redio wingu linashuka upande wa milima. Leo hakuna kusubiri. Kama unaondoka, ondoka sasa hivi. Abiria wa kurudi wameshafika, na viti viwili viko wazi.”

“Kimoja nakichukua mimi,” Bi Futi alisema.

Kila mtu alimgeukia.

“Sijasema nakwenda kwako,” alimwambia bintiye. “Mimi nakwenda kwa wajukuu. Kama wanahamishwa, nataka nipime miguu yao kabla hawajafungashwa. Mashati nimeyashona kwa kubahatisha miaka yote, kwa vipimo vya baba yao, na baba yao anapima mtoto kwa kumlinganisha na mlango wa friji.”

Kwenye ndege ndogo abiria hupimwa kama mzigo, ili uzito ugawanywe sawa kulia na kushoto. Fundi alipanda kwenye mizani. Sabini na moja. Bi Futi akapanda, akakataa kuvua kofia. Sabini na moja.

“Safi kabisa,” Mpima Mizigo alisema. “Mstari wa tatu. Mmoja kulia, mmoja kushoto.”

“Nipeleke nyuma,” Fundi alisema.

“Haiwezekani, mama. Nyuma kuna vifaranga na daktari wa meno.”

“Vifaranga si wameshafika?”

“Wamekosa mnunuzi,” mwenye vifaranga alisema haraka. “Wanarudi na mimi.” Ukweli ni kwamba mnunuzi alikuwa amesimama nje ya uzio akimpungia mkono, lakini mwenye vifaranga alitaka kujua mwisho.

“Basi mpeleke yeye mbele,” Fundi alisema.

“Mama zangu, sikilizeni.” Mpima Mizigo alifunga kalamu yake. “Ndege haijui mmegombana. Inajua kilo. Mstari wa tatu.”

Wakaketi mstari wa tatu, na kati yao njia nyembamba ambayo mtu mnene huipita kwa ubavu. Mbele yao alikuwa Rubani na msaidizi wake. Ndege ile haina mlango wa chumba cha rubani, ina pazia tu, na pazia lenyewe halijafungwa tangu lilipowekwa. Kila linalosemwa mstari wa tatu husikika mbele, na shingo ya Rubani ilionyesha kwamba anasikia vizuri.

Ndege ikapaa. Fundi akafumba macho.

Jambo moja wasomaji wengi hawalijui ni kwamba kwenda si sawa na kurudi. Umbali ni ule ule, ndege ni ile ile, lakini asubuhi upepo husukuma kutoka nyuma na wakati wa kurudi huipinga kwa mbele. Kwenda dakika arobaini na mbili, kurudi hamsini. Ukipima ramani tu, utakuwa umekosea.

Katikati ya safari spika ilikwaruza.

“Abiria wetu wapendwa, uwanja wa nyumbani umefunikwa na ukungu. Mafuta yapo ya kutosha. Mnara unatutaka tuzunguke hewani hadi ukungu uondoke.” Akameza mate, na mate yakasikika kwenye spika. “Kwa hiyo safari ya leo itachukua kama muda wa saa mbili.”

Kisha Fundi, bila kufumbua macho, akasema:

“Leo ndiyo mara ya kwanza amesema kweli.”

Daktari wa meno aliangua kicheko. Mwenye vifaranga akafuata, kisha vifaranga. Hata msaidizi wa rubani alitikisika mabega. Bi Futi alibana midomo, lakini tumbo lilimsaliti.

Kicheko kile kilifungua kitu, maana Bi Futi akainama kwenye njia.

“Nyoosha mikono.”

“Ya nini?”

“Nimekwambia nyoosha. Nimekaa miaka sita na kipimo hiki moyoni. Kama ni kuanguka na ndege, nianguke nimeshakitoa.”

“Mama, usitaje kuanguka!”

“Basi nyoosha.”

“Sitapimwa na wewe. Utavuta futi upate unachotaka.”

Bi Futi aliduwaa. Amewahi kuitwa mkaidi, amewahi kuitwa mbahili. Mvuta futi hakuna aliyethubutu kumwita. Aliitoa shingoni, na abiria wawili waliokuwa wakimjua walishtuka kama mtu aliyeona mfalme akivua taji.

“Nani hana upande humu?” aliuliza.

“Mimi ni daktari wa meno,” alisema mtu wa mstari wa nyuma, kana kwamba hilo lilikuwa jibu. Alifungua mkanda, akaja akiwa ameinama chini ya dari, akapokea futi. Alikuwa amezoea kufanya kazi na watu wasiotaka.

“Kutoka hapa begani,” Bi Futi alielekeza, mikono yake nyuma ya mgongo ili asishukiwe, “pale kwenye mfupa. Shuka kiwiko kikiwa kimekunjwa kidogo. Hadi kifundo cha mkono. Usivute.”

“Kushoto, sentimita hamsini na nane.”

“Kulia?”

Daktari alipima. Akatazama. Akapima tena.

“Hamsini na tisa na nusu.”

“Rudia,” Fundi alisema. Macho yalikuwa yameshafumbuka, na alikuwa amesahau kwamba yuko hewani.

“Rudia,” mwenye vifaranga aliunga mkono. “Mimi hapa sikuona.”

Akarudia, mbele ya mashahidi. Hamsini na tisa na nusu.

“Umezaliwa hivyo,” Bi Futi alisema. Hakuwa akipaza sauti tena. “Wewe ulilinganisha mkono wa gauni na mkono wa gauni. Mimi nililinganisha mkono wa gauni na mkono wako. Kila nguo niliyokushonea tangu chekechea ilikuwa na mkono mmoja mrefu. Hukuwahi kujua kwa sababu zilikukaa.”

Fundi alitazama mikono yake. Ameitumia kupima mikono ya watu maisha yake yote, na hajawahi kuipima yenyewe.

Kisha akakumbuka picha za harusi. Katika kila picha amekunja mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Miaka yote wageni wakimwuliza, alikuwa akijibu kwamba ni haya ya bibi harusi. Haikuwa haya. Gauni lilikuwa linapanda, kifundo kinabaki wazi, naye alikuwa akikificha bila kujua anaficha nini.

Hakuna aliyeomba radhi. Najua mlikuwa mnalisubiri neno hilo, nami ningeliandika kama lingesemwa. Kilichotokea ni kwamba Fundi alichukua futi mikononi mwa daktari, akaikunjua isijipinde, akanyoosha mikono yake miwili isiyolingana kuvuka njia, na kumvisha mama yake shingoni.

Bi Futi akairekebisha. Kushoto, kisha kulia.

“Mmoja ni mnene,” alisema baada ya kupenga kamasi. “Mapacha. Nilimwona kwenye simu. Yule mmoja anataka nafasi kwenye kiuno.”

“Ni huyo wa kwanza. Anakula cha mwenzake.”

“Kama mjomba wake.”

Wakaanza. Walizunguka juu ya mawingu na maneno ya miaka sita yalitoka kama nguo kwenye sanduku lililojaa kupita kiasi. Fundi alicheka. Alikula biskuti. Mara mbili alichungulia dirishani kwa hiari yake. Huko mbele mumewe alilegeza mabega, akamwonyesha msaidizi wake kidole gumba, akaanza kupiga mluzi kwa chini.

“Lakini nawe Baba Pacha,” Fundi alimwita, na sauti haikuwa na kiapo tena, “si ungeniambia tu?”

“Ungenikataza!”

“Ningekukataza, ndiyo. Karata unamshinda?”

“Huyo?” Bi Futi alidakia. “Mumeo ni hodari wa kushindwa. Miaka minne, hajachukua hata mchezo mmoja kwa nguvu zake. Nilikuwa namwonea huruma, nikamwachia mmoja Jumatatu moja. Jumatano yake akaja na majigambo, nikajuta.”

“Na Ijumaa?”

“Ijumaa gani?”

“Ijumaa si huwa anakuja pia? Anaruka siku tatu.”

“Ijumaa mimi sipo nyumbani, mwanangu. Ijumaa nafundisha kushona chuo cha ufundi. Natoka asubuhi, narudi jioni, nyumba nafunga na kufuli.”

“Tangu lini?”

“Tangu miaka hiyo yote. Kabla hata hajaanza kuja.”

Mluzi ulikatika.

Fundi aliacha kutafuna. Alikuwa ametoka kujifunza, mbele ya mashahidi, kwamba kipimo hakitazamwi kwa juu juu. Safari tatu kwa wiki. Ziara mbili kwa mama. Akatoa mbili katika tatu, na kilichobaki hakikuhitaji futi.

“Baba Pacha.”

Msaidizi wa rubani alikuwa akizikodolea macho saa za vipimo mbele yake kama mtu anayeziona kwa mara ya kwanza maishani.

“Baba Pacha, Ijumaa unakwenda wapi?”

Mkono ukatokea nyuma ya kiti cha rubani. Ulipapasa hewani, ukapapasa ukuta, ukapata pazia ambalo halijawahi kufungwa, na kulivuta taratibu hadi mwisho.

“Mimi sijui kitu,” Bi Futi alimnong’oneza bintiye. “Ila sasa nakumbuka, kila Jumatatu anakuja amechoka, kana kwamba Ijumaa haijamtoka.”

Spika ikakwaruza.

“Abiria wetu wapendwa, ukungu umeondoka. Tunaanza kushuka. Tafadhali fungeni mikanda.”

Abiria wote walifunga mikanda yao. Fundi alifungua wake.